Njia Moja ya Mlimani Katika Majira Manne

Jioni hii nataka kuwachukua mpaka mlima ulio mbali sana nasi, katika nchi ya Marekani, jimbo la New Hampshire, upande wa kaskazini mashariki. Huko iko safu iitwayo White Mountains, yaani Milima Myeupe, na mkubwa wao wote ni Mount Washington. Sitawaonyesha mlima mzima. Nitawaonyesha njia moja tu ya watu waendao kwa miguu, na jinsi njia hiyo inavyogeuka kila majira yageukapo, hata mtu aliyeipita mwezi wa Julai akirudi mwezi wa Januari hawezi kusema kwamba anaijua.

Kimo cha Mount Washington ni futi 6,288. Nilipoiandika hesabu hiyo ubaoni, kijana mmoja katika wanafunzi wangu, mzaliwa wa Marangu, alicheka akasema, "Mwalimu, kwetu sisi, pale langoni wapandaji wa Kilimanjaro wanapoandika majina yao kabla ya kuanza safari, ni karibu kimo hicho hicho. Huo si mlima, ni mwanzo wa mlima." Nami sikumkatalia, maana asemayo ni kweli. Mlima ule haufiki hata nusu ya Meru. Lakini katika mlima ule na vilele vilivyoungana nao wamekufa watu zaidi ya 150 tangu mwaka 1849. Wengine walianguka majabalini, wengine walifunikwa na maporomoko ya theluji, wengine moyo uliwasimama njiani, na wengi waliuawa na baridi tu, nao hawakuwa mbali na nyumba.

Wala msidhani kwamba habari hii haituhusu. Katika miji ya jimbo lile, kama vile Manchester na Concord, wanakaa leo jamaa waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wengi wao nyumbani husema Kiswahili. Watoto wao wanasoma na watoto wa huko, na milima i karibu, mwendo wa saa mbili hivi kwa motokari. Basi mzazi aliyezaliwa Uvira au Bukavu, mwanawe akimwambia, "Baba, Jumamosi naenda mlimani pamoja na wenzangu," atamwuliza nini? Yamkini atauliza, "Ni mbali?" Ndilo swali tulilozoea kwetu, nalo si baya. Lakini katika milima ile swali la kwanza ni, "Mwaenda mwezi gani?" na la pili, "Mmepatana kugeuka saa ngapi?"

Njia yenyewe huitwa Crawford Path. Ilifyekwa mwaka 1819 na Abel Crawford na mwanawe Ethan Allen Crawford, ambao walikuwa na nyumba za kuwalaza wasafiri waliopita bondeni pale. Mwaka 1840 ilipanuliwa ili farasi wapite, na yule mzee Abel, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 70, akapanda juu ya farasi mpaka kileleni. Baadaye farasi waliachwa, ikarudi kuwa njia ya miguu, na mpaka leo inatumika bila kukatika, hata yahesabiwa kuwa ya zamani kuliko zote za namna yake katika Marekani.

Urefu wake ni maili 8 na nusu. Maili 3 za kwanza ziko mwituni, katika kivuli cha miti ya misonobari na mingine. Kisha, kadiri mtu apandavyo, miti hufupika. Ile iliyokuwa mirefu kama minazi huwa kimo cha mtu, halafu kimo cha goti, nayo imepindana na kushikana kwa ajili ya upepo. Na mwisho haipo kabisa. Tangu hapo, kwa muda wa maili 5 na zaidi, msafiri yuko juu ya mgongo mtupu wa mlima. Hapana mti, hapana pango, wala hapana cha kumkinga isipokuwa nguo alizovaa. Njia haionekani kwa udongo, maana ni mawe matupu. Hutambulikana kwa marundo ya mawe yaliyojengwa moja baada ya moja, na ukungu ukishuka, mtu huyatafuta kama nahodha atafutavyo mnara wa pwani.

Sababu ya ubaya wa mahali pale ni upepo. Safu ya milima imelala kaskazini na kusini, na pepo za huko hutoka magharibi, basi hukutana nayo ubavuni. Mmeona maji ya kijito yanavyokwenda polepole palipo papana, na yanavyokimbia yanapobanwa kati ya mawe mawili. Ndivyo upepo unavyobanwa juu ya kilele kile. Tena njia za tufani nyingi za bara lile hukutana karibu na hapo. Tarehe 12 Aprili 1934, watu waliokaa kileleni kwa kazi ya kupima hali ya hewa walipima upepo wa maili 231 kwa saa. Hesabu hiyo haikupitwa na upepo wowote uliopimwa juu ya nchi hata mwaka 1996, tufani ilipopiga kisiwa cha Barrow, Australia. Na mwezi wa Februari 2023 baridi ilishuka pale hata digrii 44 chini ya sifuri, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali, mwili wa mtu ungaliiona kama digrii 78 chini ya sifuri.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya majina ya majira. Katika vitabu vingine vya shule nimeona majira ya nchi za baridi yakiitwa masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Mimi siyapendi sana majina hayo kwa kazi hii. Masika yetu na vuli yetu ni majina ya mvua, nayo yana habari zake wenyewe za jembe na mbegu. Basi nitasema tu majira ya baridi, ya theluji kuyeyuka, ya joto, na ya majani kupukutika.

Nianze na baridi, maana ndiyo yenye mengi. Kileleni kwa mwaka mmoja huanguka theluji ya zaidi ya futi 20, ukiipima yote ilivyoanguka. Mwituni chini ya mlima hulala hata kufunika mawe, mashina na vijito, na mtu akikanyaga huzama mpaka gotini, hata pajani. Kwenda maili moja namna hiyo ni kazi ya kumaliza nguvu. Lakini wenyeji wa nchi ile, Waabenaki na makabila mengine ya kaskazini, walikwisha kulitatua jambo hili zamani sana kabla ya Wazungu kufika. Walitwaa ufito wa mti mgumu unaokubali kupindwa, wakaupasha mvuke hata ukalainika, wakaupinda uwe umbo la jani refu au la unyayo wa dubu. Kisha ndani yake wakafuma wavu wa kanda za ngozi mbichi ya kulungu, kama mafundi wetu wanavyosuka kitanda cha kamba. Huo ndio wanaouita kiatu cha theluji. Hufungwa chini ya kiatu cha kawaida, penye vidole tu, kisigino kikawa huru kuinuka.

Hesabu yake ni nyepesi, na walimu wanaonisikiliza wanaweza kuwapa wanafunzi wao kesho. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, uzito wake wote hukaa juu ya unyayo wenye eneo la sentimita za mraba 250 hivi. Akivaa kiatu cha theluji cha kadiri, uzito ule ule hutandazwa juu ya eneo la mara 5. Basi kila sentimita ya theluji huchukua sehemu moja tu ya tano. Bado huzama kidogo katika theluji mpya, iliyo laini kama unga, lakini huzama kama aendaye mchangani, hazami kama aliyetumbukia shimoni. Siku hizi viatu hivyo aghalabu hufanywa kwa madini mepesi ya alumini na plastiki, tena chini yake vina meno ya chuma ya kuuma barafu. Mwenye kuvivaa mara ya kwanza hupanua miguu kidogo asije akakanyaga kiatu kimoja kwa kingine, na jambo la kurudi kinyumenyume hulisahau kabisa, maana mkia wa kiatu hujichimbia akaanguka chali.

Watu wakienda kwa kundi, wa kwanza ndiye apasuaye njia, na kazi yake ni ngumu kuliko ya wote. Kwa hiyo baada ya dakika chache husimama kando, wenzake wakapita, naye akawa wa mwisho, akitembea juu ya theluji iliyokwisha kushindiliwa. Hivyo hata mwenye nguvu chache hupata kuvuta pumzi, na kundi halisimami.

Tena liko deni la mtu aliyepita kwa mtu atakayepita. Mwenye kwenda bila viatu vile huacha nyuma yake mashimo marefu. Usiku mashimo hayo huganda yakawa magumu kama mawe, na kesho yake mwingine akitia mguu humo huweza kuvunjika. Katika jimbo la New York, katika sehemu ya mashariki ya milima mikubwa ya Adirondack, iko sheria kwamba theluji ikifika inchi 8, kila apandaye lazima avae viatu vya theluji au mbao za kutelezea. Wengine hunung'unika kwamba serikali isingeingia hata katika miguu ya watu. Mimi naiona sheria njema. Njia ni ya wote, nasi kijijini twamlaumu achimbaye shimo katika njia ya kisimani.

Adui mwingine wa majira ya baridi atawastaajabisha: ni jasho. Mtu apandaye kwa nguvu hutoka jasho hata penye baridi kali, na nguo iliyolowa, hasa ya pamba, haishiki joto tena. Akisimama tu kula mkate, ile nguo humwibia joto la mwili kwa upesi wa ajabu. Kwa hiyo wenye maarifa hawavai pamba karibu na ngozi. Huvaa sufu au vitambaa vikaukavyo upesi, na huvua nguo moja kabla hawajaona joto, kisha huvaa nyingine kabla hawajaona baridi. Chupa ya maji huiweka kichwa chini ndani ya soksi nene, kwani maji huanza kuganda juu, na ikisimama wima mdomo wake huzibika kwa barafu, mtu akafa kiu na maji anayo.

Baridi ikimwingia mtu, dalili zake wenzake huziona kabla yake. Hujikwaa-jikwaa, ulimi huwa mzito, vidole havifungi kifungo, naye ukimwuliza hukujibu kwamba hajambo. Hapo asiaminiwe. Avikwe nguo kavu, apewe kitu kitamu cha kunywa chenye moto kama aweza kumeza, na kundi zima ligeuke.

Mwituni viatu vya theluji ni rafiki, lakini miti ikiisha, upepo umekwisha kuifagia theluji, na kilichobaki ni barafu na jabali. Hapo huvuliwa, yakafungwa viatuni meno marefu ya chuma. Hapo pia ndipo watu wenye akili husimama, wakageuza nyuso upande wa magharibi kutazama mawingu, wakatazama na saa. Maana sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua litokalo saa kumi na mbili na kuchwa saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kule sivyo. Mwezi wa Juni mchana ni saa 15 na nusu. Mwezi wa Desemba ni saa 9 tu, na jua huchwa kama saa kumi na robo jioni. Mtu aliyezoea kuhesabu mchana kwa desturi ya kwetu atakutwa na giza katikati ya mawe. Basi kundi lililopangwa vema hupatana saa ya kugeuka kabla ya kuondoka nyumbani, nayo ikifika, hugeuka, hata kama kilele kinaonekana mbele yao kama mkono ungekigusa.

Theluji kuanza kuyeyuka si faraja kama mnavyodhani. Katikati ya njia, pale palipokanyagwa na watu tangu Desemba, theluji imeshindiliwa hata ikawa barafu, nayo hukawia kuyeyuka kuliko ya kando. Basi mwezi wa Aprili na wa Mei njia huwa kama ukuta mwembamba wa barafu katikati ya mwitu, na mtu hutembea juu yake kama mtembea kambani; akikosea hatua, huzama ubavuni hata kiunoni. Vijito vilivyolala kimya miezi minne hufura. Na barafu ikiondoka hubaki matope. Udongo wa mlimani wakati huo umelowa hata chini, na kila mguu huuchimba. Mtu akikwepa tope hupita kando juu ya mimea, njia ikapanuka, na mvua ya kwanza ikaufanya mpanuko ule kuwa mfereji. Katika jimbo la Vermont, jirani ya magharibi, watu huombwa wasipande njia za juu mpaka mwisho wa Mei. Aliyekwisha kuingia, na apite katikati ya tope, achafuke. Kisha huja usubi, wadudu weusi wadogo waumao, wazaliwao katika maji yaendayo kasi, na mpaka Juni iishe mpandaji hana raha ya kusimama kutazama kitu.

Majira ya joto ndiyo wakati wa watu wengi. Chini ya kilele, kando ya vidimbwi viwili viitwavyo Lakes of the Clouds, iko nyumba ya wapandaji ya chama kiitwacho Appalachian Mountain Club, kilichoanzishwa mwaka 1876. Hufunguliwa wakati huo tu, na vijana waitumikiao huchukua vyakula mgongoni kwa miguu. Nyumba ile ina sababu yake, nayo nitaisimulia.

Tarehe 30 Juni 1900 chama hicho kilikuwa na mkutano kileleni. Watu wawili wa New York, William Curtis na Allan Ormsbee, waliamua kuuendea kwa njia hii ya Crawford. Curtis alikuwa na miaka 63, naye alikuwa mmoja wa walioanzisha chama mashuhuri cha michezo cha New York Athletic Club mwaka 1868. Nguvu zake zilisifiwa nchi nzima. Mwenzake alikuwa kijana. Walipofika kilele cha Pleasant, ambacho siku hizi huitwa Eisenhower, waliandika majina yao katika kitabu kilichowekwa pale, wakataja na mvua na upepo na baridi. Basi walijua. Njia ya kurudi mwituni ilikuwa fupi, nao wakaenda mbele. Tufani ikaja na barafu, katika mwezi wa Juni, kuni za jikoni huko mabondeni zikiwa hazina kazi ila kupikia. Curtis alionekana amekufa karibu na vile vidimbwi. Ormsbee alijitahidi, akapanda peke yake juu ya mawe yaliyovikwa barafu, akafa karibu sana na kilele, mahali ambapo kama si wingu angaliyaona majengo.

Mwaka uliofuata chama kilijenga kibanda cha kujisetiri karibu na hapo, na mwaka 1915 ikajengwa ile nyumba ya Lakes of the Clouds. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara jambo linisumbualo ni lile la kitabu. Mtu aliandika kwa mkono wake kwamba upepo ni mkali na baridi ni nyingi, akafunga kitabu, akaendelea na safari.

Karibu na pale alipofia Curtis, katika uwanda wa mawe chini ya kilele cha Monroe, huota mmea mdogo sana wenye ua la manjano, usioota mahali pengine po pote duniani ila katika milima ile ya New Hampshire. Jina lake la kitaalamu ni Potentilla robbinsiana. Njia ya Crawford ilipita katikati yake, na viatu vya wapandaji vilikaribia kuumaliza. Mwaka 1983 njia ilihamishwa, ukajengwa na ukuta mdogo wa mawe. Wataalamu wakaupanda mahali pengine, na mwaka 2002 mmea ukatolewa katika orodha ya viumbe vilivyo katika hatari ya kupotea. Ndiyo maana apandaye huko huambiwa akanyage mawe, asikanyage majani.

Majira ya majani kupukutika yana uzuri ambao maneno yetu hayautoshi. Mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba majani ya mabondeni huwa mekundu, ya manjano, na rangi ya dhahabu, mlima mzima kwa siku chache tu. Usubi umekwisha, hewa ni kavu, njia ni ngumu chini ya mguu. Watu hushawishika sana wakati huo. Huondoka saa nne asubuhi, na nguo za mchana wa bondeni, wasikumbuke kwamba mchana umekwisha kupungua saa nyingi tangu Juni, na nyumba ya juu imefungwa. Novemba ni wakati wa wawindaji pia, na apitaye mwituni huvaa nguo ya rangi kali ili asidhaniwe kuwa paa.

Na aghalabu mwezi huo wa Oktoba, chini majani yangali yakianguka, watu wa bondeni huamka asubuhi wakakiona kilele kimekuwa cheupe. Hapo ndipo viatu vya theluji hushushwa darini, zikakaguliwa kanda na vifungo, kimoja kimoja, mezani jikoni, wiki nyingi kabla havijahitajiwa.